KUTENGANA NA KUACHANA: MAELEZO JUU YA MAPATANO YA KUTENGANA BAINA YA MUME NA MKE

Katika mazungumzo ya kila siku maneno kutengana na kuachana hutumika aghalabu kana kwamba ni neno moja lenye sura mbili. Jirani husema kwamba fulani na mkewe wametengana, na mwingine akiisikia habari ile huipeleka mbele kwa kusema kwamba wameachana; wala hapana mtu atakayeona kosa. Lakini katika sheria maneno hayo mawili yako mbali kama mashariki na magharibi. Waliotengana ni mume na mke bado. Walioachana si mume na mke tena. Baina ya hali hizo mbili zimo haki ya kuoa au kuolewa tena, haki ya kurithi, haki ya kutunzwa, na haki ya kukaa katika nyumba. Kwa hiyo mtu atiaye sahihi karatasi ya kutengana akidhani kwamba ni talaka, au aandikaye talaka akidhani kwamba ni mapatano ya muda, hukosea jambo kubwa kuliko neno.

Makala hii inaeleza mapatano ya kutengana ni kitu gani, yana nguvu gani, na maneno gani ya Kiswahili hufaa au hayafai kuyaandika. Sheria itakayofuatwa zaidi ni ile ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyojaribu kuziweka ndoa za dini, za kiserikali na za kimila chini ya paa moja. Zanzibar haitumii sheria hiyo. Huko mashauri ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi.

I. Maneno na maana zake

Kitenzi acha kina maana pana sana: kuacha kazi, kuacha mzigo njiani, kumwacha mtu apite. Katika habari ya ndoa, kuacha ni tendo la mume. Mume huacha, mke huachwa, au huachika. Sarufi yenyewe imehifadhi desturi ya zamani ambayo ndani yake kauli ya talaka ilikuwa mkononi mwa mwanamume. Umbo la kutendana, kuachana, linaificha tofauti hiyo, kwa maana halionyeshi nani aliyeanza wala nani aliyeamua. Pamoja na hayo kuachana hubeba maana ya kwisha: kamba imekatika.

Kitenzi tenga hakina ukali huo. Mtu hutenga chakula, yaani hukiweka tayari kwa walaji. Hutenga fedha za ada ya shule, yaani huziweka kando zisichanganyike na nyingine. Kumtenga mtu ni kumweka mbali na wenzake. Maana iliyo chini ya matumizi hayo yote ni kuweka mahali pake, si kuvunja. Kutengana, basi, ni kila mmoja kukaa mahali pake. Kilichotengwa chaweza kurudishwa.

Hapo ni lazima kuangalia sana neno la tatu, tengua, ambalo masikio huliweka karibu na tenga. Udhu hutenguka, hukumu hutenguliwa na mahakama ya juu. Kutengua ndoa ni kuibatilisha, na si kutenganisha waliomo ndani yake. Mwandishi akisema "ndoa imetenguliwa" mahali pa kusema "wanandoa wametengana", ameingiza katika hati jambo ambalo wahusika hawakulitaka na ambalo hawana uwezo wa kulifanya wenyewe.

Maneno yaliyotoka katika Kiarabu kwa njia ya fikihi yana mipaka iliyo wazi zaidi. Talaka ni kufungua, na mwanamke aliyetalikiwa huitwa mtalaka. Hului ni mke kujivua ndoa kwa kutoa mali, na aghalabu mali hiyo ni mahari aliyopokea. Faskhi ni ndoa kuvunjwa na kadhi kwa sababu iliyothibitika. Eda ni hesabu ya muda ambao mtalaka au mjane hungoja. Ni jambo la kuangaliwa kwamba katika orodha hii hapana neno moja lililo sawasawa na kutengana kwa hati, na sababu yake itaonekana mbele.

Neno mapatano lina faida kuliko mkataba. Mkataba, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu kilichoandikwa. Mapatano hutoka katika patana, na hutaja nia za watu wawili kukutana, ziwe zimeandikwa au hazikuandikwa. Hati ni karatasi ishuhudiayo mapatano. Anayetofautisha maneno haya matatu ataepukana na kosa la kudhani kwamba muhuri ndio uliofanya mapatano, au kwamba mapatano ya mdomo si kitu.

II. Asili ya jambo lenyewe

Katika Uislamu kuna suluhu, na kuna talaka; hali ya katikati haikupewa nafasi ya kukaa siku nyingi. Kurani, katika Sura ya nne, aya ya 35, inaagiza kwamba penye hofu ya mfarakano ateuliwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Na aya ya 128 ya sura hiyo inaruhusu wawili wapatane kwa suluhu. Aya inayofuata inamwonya mume asimwache mke kama kitu kilichoangikwa, asiye na mume na asiye mtalaka. Vilevile mume aliyeapa kutomkaribia mkewe amewekewa mpaka wa miezi minne, kama ilivyo katika Sura ya pili, aya ya 226. Hivyo basi, suluhu ya kukaa mbalimbali inakubalika kama mapatano ya haki baina ya wawili, lakini dini haikuifanya kuwa nyumba ya kudumu.

Kanisa Katoliki lilifuata njia nyingine. Kwa kuwa halikubali talaka, limekubali kutengana huku kifungo cha ndoa kikibaki. Kanuni za 1151 hadi 1155 za Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 zinaeleza habari hiyo. Hapa kutengana si hatua ya kwendea talaka, bali ni mahali pa kusimama.

Katika mila za bara, mke aliyechoshwa na ugomvi hurudi kwa wazazi wake. Kurudi huko si talaka. Mume huja, wazee huketi, makosa hupimwa, na mara nyingi mke hurudishwa. Lililotofautisha kutengana na kuachana katika jamii nyingi ni mahari: maadamu shauri la mahari halijamalizwa, watu waliendelea kumhesabu mwanamke kuwa mke wa yule yule. Amri ya Tangazo la Sheria za Mila ya mwaka 1963, iliyotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 279, iliziandika kanuni za mahari, ndoa na talaka kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, na ndani yake suala la kurudisha mahari limepewa nafasi kubwa.

Hati ya kutengana kama inavyojulikana na mawakili imetoka katika sheria ya Kiingereza. Huko Uingereza, kabla ya mwaka 1857, mahakama za kanisa zilikuwa na uwezo wa kuwaondolea wanandoa wajibu wa meza na kitanda, lakini si kuikata ndoa. Sheria ya Mashauri ya Ndoa ya mwaka huo iliihamisha kazi hiyo katika mahakama ya serikali na kuiita kutengana kwa amri ya mahakama. Kando ya njia hiyo watu waliandikiana hati wenyewe. Swali lililozuka ni kama wawili wanaweza, kwa hati yao, kuufunga mlango wa mahakama. Katika shauri la Hyman na Hyman la mwaka 1929 Baraza la Mabwana lilijibu kwamba hawawezi: mke aliyeahidi katika hati kutokwenda mahakamani kudai matunzo hakuzuiwa na ahadi hiyo, kwa kuwa matunzo hayo hayakuwa jambo la wawili peke yao, bali yaligusa manufaa ya watu wote.

III. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971

Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969 ulitoa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa Tanzania Bara, na mwaka 1971 Bunge likaipitisha Sheria Na. 5. Sheria hiyo haikuifuta ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kiserikali wala ya kimila. Ila iliweka mlango mmoja wa kutokea. Ndoa iliyo halali huendelea mpaka mmoja afe, au mahakama itamke kwamba anadhaniwa amekufa, au mahakama itoe amri ya kuibatilisha au ya talaka. Na talaka iliyotolewa nje ya nchi hukubaliwa kwa masharti yake. Mapatano ya wawili kutengana hayamo katika orodha hiyo. Hilo ndilo jibu la kwanza na la mwisho kwa anayeuliza kama hati ya kutengana inaweza kuvunja ndoa.

Sheria inazitambua njia mbili za kutengana. Ya kwanza ni mapatano ya mume na mke wenyewe kuishi mbalimbali, nayo yana nguvu kuhusu matunzo, mali na malezi ya watoto, huku mahakama ikibaki na uwezo wa kuyaangalia upya. Ya pili ni amri ya mahakama, inayowaondolea wawili wajibu wa kukaa pamoja bila kuiondoa ndoa. Njia ya kwanza ni nyepesi, haina gharama nyingi, na huhifadhi siri za nyumba. Ya pili ni nzito, lakini ina mkono wa serikali nyuma yake: mahakama inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, hapo ndipo kifungu cha 114 kinapoipa uwezo wa kuamuru mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja.

Jambo la talaka ya Kiislamu linahitaji maelezo ya pekee, maana hapo ndipo maneno yanapogongana. Mume akitamka talaka nyumbani, mbele ya mashahidi, kwa mujibu wa dini ametenda tendo lenye athari. Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1971 ndoa haijavunjika bado. Kifungu cha 107 kinasema kwamba, ikithibitika kuwa ndoa ni ya Kiislamu, Baraza limethibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, na mmoja wao baada ya hapo ametenda lile ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka na itatoa amri ya talaka. Kwa hiyo neno talaka lina makao mawili: moja katika kauli ya mume, na moja katika amri ya mahakama. Mwanamke aliyepata la kwanza bila la pili anaweza kuwa mtalaka msikitini na mke wa mtu mahakamani.

Hatari hiyo huzidi kwa sababu ya desturi ya kuandika. Pwani mwanamke huandikiwa talaka, na karatasi ile huitunza kama ushahidi wa uhuru wake. Kwa mazoea hayo, karatasi yoyote itokayo kwa mume baada ya ugomvi hudhaniwa kuwa ni talaka. Mwanamke akipewa hati ya kutengana, akahesabu eda yake, kisha akaolewa na mume wa pili, ndoa hiyo ya pili haisimami, kwa kuwa sheria hairuhusu mwanamke mwenye mume kuolewa tena. Kwa upande mwingine, mume aliyefunga ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa mwingine kwa hoja kwamba yeye na mkewe wametengana. Na mmoja wao akifa kabla ya talaka ya mahakama, anayebaki ni mjane, mwenye kudai urithi kwa sheria ya mirathi inayomhusu marehemu. Kwa Mwislamu, mke huyo ana fungu lake: robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, thumuni ikiwa ameacha.

IV. Yaliyomo katika hati, na maneno yake

Hati njema hutaja kwanza ndoa yenyewe: ilifungwa lini, wapi, na kwa aina gani. Kisha hutaja tarehe ambayo wawili walianza, au wataanza, kuishi mbalimbali. Tarehe hiyo si pambo. Kifungu cha 107 kinahesabu kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka 3 kuwa moja ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kifungu hicho hicho kinataja pia mke au mume kutelekezwa kwa muda kama huo. Hati inazitenga hali hizo mbili: aliyeondoka kwa mapatano hakumtelekeza mwenzake, na hawezi kulaumiwa kwa kuondoka. Mahali pa kusema "mke aliondoka nyumbani", basi, yafaa kuandika "mume na mke wamepatana kuishi mbalimbali tangu tarehe" fulani. Sentensi ya kwanza ni shitaka, na ya pili ni mapatano.

Matunzo. Neno la Kiarabu nafaqa, lenye maana ya matumizi ya mke na watoto, liliingia katika Kiswahili likawa nafaka, na maana yake ikapungua hata ikabaki mtama, mahindi na mpunga. Historia hiyo ya neno inafundisha kitu: zamani kumtunza mke kulionekana kwa chakula kilichomo ghalani. Leo matunzo ni pamoja na kodi ya nyumba, mavazi, dawa na ada za shule. Hati isemayo tu kwamba "mume ataendelea kumhudumia mke" haikusema kitu kinachoweza kudaiwa. Lazima itaje kiasi, siku ya kulipa, njia ya kulipa, na muda. "Mume atamlipa mke shilingi 200,000 kila mwezi, kabla ya tarehe 5" ni sentensi ambayo hakimu anaweza kuisimamia. Na hata hiyo si ya milele, kwa maana bei hupanda na watu hupoteza kazi. Hali zikibadilika sana, mahakama inaweza kukibadili kiasi hicho.

Mali. Hapa wahenga wamekwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitu kitajwe kwa jina lake, namba yake na mahali pake. Maneno mawili huleta mashauri mengi. La kwanza ni nyumba. Katika usemi wa kawaida nyumba ni pamoja na ardhi iliyo chini yake, lakini Tanzania ardhi humilikiwa kwa haki ya kuitumia, na haki hiyo ina hati yake au ushahidi wake wa kimila. Hati isemayo "nyumba ni ya mke" bila kutaja kiwanja imeacha nusu ya jambo. La pili ni kuachia. "Mume amemwachia mke nyumba" ina maana mbili: amemruhusu aikae, au amemwondolea umiliki akampa. Kauli ya kutendea, ambayo ni moja ya uzuri wa Kiswahili, hapa ni mtego. Yafaa kuandika "mke atakaa katika nyumba hiyo mpaka" muda fulani, au "mume anahamisha umiliki wa nyumba na kiwanja kwa mke". Na kwa kuwa ndoa ingalipo, kifungu cha 59 kinamzuia mmoja asiuze wala asiweke rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo katika hati ni lake peke yake.

Neno chuma nalo lina uzito wake. Mtu huchuma matunda, na huchuma mali. Kwa miaka kadhaa mahakama zilibishana kama mke ambaye kazi yake ilikuwa kupika, kufua na kulea alihesabiwa kuwa amechuma. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Tangu hapo mwandishi wa hati hana sababu ya kuandika kwamba mke "hakuchangia kitu" kwa hoja kwamba hakuwa na mshahara.

Watoto. Usemi "watoto watakaa kwa mama yao" unajibu swali moja tu, la mahali pa kulala. Haukusema nani ataamua habari za shule na matibabu, wala baba atawaona lini. Fikihi ina neno hadhana kwa ulezi wa mtoto mdogo, na walii kwa msimamizi. Sheria hutumia malezi na uangalizi. Jina lolote litumikalo, mapatano ya wazazi hayamfungi mtoto. Kifungu cha 125 kinaweka manufaa ya mtoto mbele ya yote, kikichukulia kwamba ni vyema mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake, ijapokuwa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekazia msingi huo huo. Hati ikimpa mzazi watoto kwa sharti kwamba asidai matunzo yao, sharti hilo halina mashiko, kwa kuwa chakula cha mtoto si mali ya mama wala ya baba hata mmoja wao akisamehe.

Maneno ya kufunga. Hati nyingi zilizoandikwa mitaani huishia kwa kauli kama "kila mtu yuko huru" au "hakuna anayemdai mwenzake", na wahusika hutoka wakisema kila mtu na hamsini zake. Kauli ya kwanza ni ya hatari, kwa maana huru husikika kama ruhusa ya kuolewa. Ya pili haifungi mlango wa mahakama, kama ilivyoonekana katika shauri la Hyman. Mahali pake yafaa kuandikwa wazi: "Mapatano haya hayavunji ndoa." Sentensi hiyo ya maneno manne ni kinga kuliko kurasa mbili za masharti.

Mwisho, hati ieleze itakuwaje wawili wakirudiana. Wagombanao ndio wapatanao, na lengo la kutengana mara nyingi ni kupoa, si kukatana. Wakirudi kukaa pamoja kwa nia ya ndoa, sababu ya mapatano imekwisha. Lakini mali iliyokwisha kuhamishwa haifai kuachwa bila kutajwa kama itarudi au haitarudi.

V. Baraza na mahakama

Mapatano yakivunjwa, au mmoja akitaka talaka, njia huanzia katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinamzuia mtu kuomba talaka mahakamani kabla ya Baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache: kwa mfano, mwenzake ametoweka hajulikani alipo, au yumo gerezani, au mahakama inaona kuna hali isiyo ya kawaida. Baada ya hapo shauri laweza kufunguliwa hata katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo lugha yake tangu zamani ni Kiswahili. Ombi la talaka kabla ya ndoa kutimiza miaka 2 huhitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Na hapo faida ya kutengana kwa mapatano huonekana, kwa kuwa wawili wanaweza kuishi mbalimbali kwa amani huku muda ukipita.

Hati iliyoandikwa vizuri humsaidia hakimu kwa njia mbili. Humwonyesha siku ambayo maisha ya pamoja yalikoma, na humwonyesha wawili wenyewe waliona nini kuwa haki wakati hasira haijawatawala. Hakimu hafungwi nayo, lakini ni vigumu kwake kuipuuza ikiwa ni ya haki, imeshuhudiwa, na kila mmoja alielewa alilolitia sahihi. Kinyume chake, hati iliyosomwa kwa haraka mbele ya mwanamke asiyejua kusoma, au iliyotiwa sahihi chini ya tishio la kunyang'anywa watoto, ni karatasi inayomshuhudia mwandishi wake vibaya.

VI. Wasiofunga ndoa

Wapo wengi wanaoishi kinyumba, bila mahari kutolewa wala cheti kuandikwa. Wakifarakana nao huandikiana karatasi, na huiita vivyo hivyo. Kwa haki ya maneno, mapatano ya kutengana huhitaji kwanza ndoa ya kutengana nayo. Lakini kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, hata wakajulikana kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wamefunga ndoa. Dhana hiyo yaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Na hata ikivunjwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Kwa hiyo karatasi imwitayo mwanamke hawara haimwondolei haki zake, kama vile karatasi imwitayo mke haimpi ndoa asiyokuwa nayo. Mahakama hutazama maisha yalivyokuwa.

VII. Kazi iliyobaki kwa wenye lugha

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Na. 1, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu siku hiyo maneno yaliyokuwa yakichukuliwa kuwa ya mtaani, na ambayo Kiingereza kilikuwa kikiyafunika katika mahakama za juu, yamepewa kazi ya kubeba haki za watu. Kwa sababu hiyo haitoshi kwamba neno linaeleweka. Lazima lieleweke namna moja na yule anayeliandika, anayelitia sahihi, na anayelihukumu.

Katika habari hii yafaa maneno yagawiwe kazi na yasipokezane: kutengana kwa waliokaa mbalimbali na ndoa ingalipo, talaka kwa amri ya mahakama inayovunja ndoa, na kauli ya mume itajwe kuwa kauli ya talaka, kubatilisha kwa ndoa iliyokuwa na kasoro, ili kutengua kubaki kwa hukumu na amri, matunzo kwa fedha na mahitaji, malezi kwa watoto. Kuachana kuna uhai wake katika nyimbo na mazungumzo, wala hapana haja ya kukiondoa huko. Bali katika hati hakifai, kwa sababu hakionyeshi kama kamba imelegezwa au imekatwa. Na kwa mwanamke au mwanamume anayeipokea karatasi ile mkononi, hilo ndilo swali la kwanza atakalotaka kujibiwa.